Saa ya Wapi?

Ukifika Tunduma usimwulize mtu saa ngapi kabla hujamwuliza saa ya wapi. Sisi tuko mbele ya Zambia kwa saa nzima. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, Nakonde, hatua chache tu kutoka hapa, ni saa moja. Tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpaka, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, lakini saa zao hawakuziunganisha. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo inarudi nyuma yenyewe, wala haikuombi ruhusa. Na watu hawagombani! Dereva wa lori, mama lishe, kijana wa kubadilisha fedha, kila mmoja anayo ile tofauti kichwani na anaihesabu kabla hajafungua mdomo.

Sura ya saba ya riwaya yangu inahusu jambo hilo hilo. Wapenzi wawili wanaahidiana kukutana saa nne, mmoja wa huku, mwingine wa kule. Niliichapa kwenye kompyuta ya kukodi, kwa hela ya kubeba mizigo. Mashine ikaganda. Kurasa 9 zikaenda na maji, na mwenye duka akanidai hela ya saa zima kama kawaida.

Fundi aliyeitwa kuitazama ni mtu wa maneno mengi, na mimi napenda watu wa namna hiyo. Akachomoa vile vibao viwili vya kumbukumbu, RAM, akaniambia, "Mdogo wangu, humu ndani nako kuna Tunduma na Nakonde."

Nikadhani ananitania. Kumbe sivyo.

Kumbukumbu ya kompyuta haifanyi kitu mpaka iamriwe. Fungua safu, soma, andika, funga safu. Amri hizo zinapita kwenye nyaya zake, na kando yake kuna jozi ya nyaya za saa, inayopiga pigo baada ya pigo. Chipu inaitazama amri pale pigo linapopanda, basi. Amri iwe imeshatulia kidogo kabla ya pigo, na iendelee kutulia kidogo baada yake. Ikichelewa, chipu itasoma upuuzi, tena itautii.

Sasa pigo lenyewe ni la kasi gani? Vile vibao vilikuwa vya aina ya DDR3, ambayo kanuni zake zilitolewa 2007, na vilikuwa vimewekwa kwenye 1600. Hapo saa inapiga mara milioni 800 kwa sekunde. Kutoka pigo hadi pigo ni nanosekunde 1.25. Umeme wenyewe, pamoja na sifa zote tunazoupa, kwenye bodi ya kompyuta unakwenda kama sentimita 15 tu kwa nanosekunde. Waya ukizidi mwenzake kwa sentimita moja, umekula kama sehemu ya ishirini ya pigo. Ndiyo maana ukiitazama bodi utaona nyaya nyingine zimekunjwakunjwa kama njia ya nyoka. Mimi siku zote nilidhani ni mapambo! Kumbe zinarefushwa makusudi, zilingane na wenzake.

Hapa ndipo penye utamu. Zamani, kwenye DDR2, wahandisi waligawa nyaya kama matawi ya mti ili amri ifike kwa chipu zote pamoja. Kasi ilipozidi, matawi yakaanza kurudisha mwangwi na kuharibu ujumbe. Kwenye DDR3 wakakata shauri jingine: saa na amri zipande basi moja, zipite chipu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Chipu ya mwisho inapata habari kwa kuchelewa, sawa, lakini kwake saa na amri zimeshuka pamoja. Halafu kila kompyuta inapowashwa, kidhibiti cha kumbukumbu kinaipima kila chipu kuchelewa kwake, ili data ya kuandikwa iifikie kwa wakati wake. Hakilazimishi chipu zote ziwe na wakati mmoja. Kinajua tu nani yuko nyuma na kwa kiasi gani.

"Mpakani hapa hatufanyi hivyo hivyo?" fundi akaniuliza. Sikuwa na jibu la kumpa.

Vibao vyetu vilikuwa vimechoka, na kuna mtu aliyevilazimisha kwenye 1600. Fundi akavishusha hadi 1333, pigo likanyooka kuwa nanosekunde 1.5. Ile robo ya nanosekunde ikatosha. Mashine haijaganda tena tangu siku hiyo.

Naichapa sura ya saba upya, nipo ukurasa wa nne. Safari hii msichana anajua kabisa kwamba mwenzake atafika saa nzima baada yake, naye kaja mapema makusudi, kakaa kwenye benchi la mama lishe, kaagiza chai.