Kuruta wa Muda Anawekwa na Nani?

Wadau, tukiongea vita tunaongea bunduki. Mi naogopa zaidi kalamu ya yule anayepanga majina: wewe mbele, wewe ubaki.

Chukua Vita vya Kagera, hapo kwa majirani zetu. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Tanzania. Jeshi la Nyerere halikufika watu 40,000, lakini kwa muda mfupi likapita 150,000. Walitoka wapi? Mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT. Watu wa kuitwa kwa dharura, vita ikiisha urudi kwenu. Wako waliopelekwa mbele, pamoja na Waganda waliotoka uhamishoni kumng'oa Amin, mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wao lakini hawakuuona mstari wa mbele, walibaki kulinda nchi. Vijana wawili wa rika moja, orodha moja, majaliwa mbalimbali.

Hata Marekani, kwenye vita vyao vya kujikomboa, shida ilikuwa hii. Desemba 1776 muda wa askari wengi wa George Washington ulikuwa unaisha tarehe 31. Ikabidi awabembeleze wabaki wiki sita zaidi, kila mmoja kwa dola 10. Jenerali mzima anabembeleza vibarua!

Sasa njoo huku kwetu. Sisi vijana wa Munje msimu wa watalii ukifika tunapanda matatu hadi Diani kutafuta kibarua. Nilipoacha chuo nilipata cha mwezi mmoja, hoteli fulani. Tuliingia wageni watupu, tukawekwa zamu moja, hakuna wa kutuonyesha hata trei inashikwaje. Sahani zikivunjika, ati vijana wa siku hizi hawajui kazi. Jirani yangu aliwekwa na mzee wa miaka mingi jikoni. Wiki ya pili alikuwa anaachiwa jiko peke yake.

Hoteli si vita, najua. Hakuna anayekufa kwa sahani. Lakini ndiyo maana nasema: kama kupangwa vibaya kunamharibia mtu kazi, vitani kunamharibia nini? Kuruta wa muda asirundikwe na wenzake wageni. Achanganywe na wazoefu, mmoja kwa mmoja, na jina lake liandikwe vizuri ili vita ikiisha akumbukwe pia.

Wewe kibarua chako cha kwanza uliwekwa na nani? Niambie hapo chini.