Kiwango na Kikomo

Naungama kosa la tafsiri lililoua injini.

Mpwa wangu ni fundi magari kwetu Mgwashi, milimani Usambara. Aliletewa gari la petroli lenye tabo, lililoishiwa nguvu kila lipandapo kutoka Soni. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi, nayo huisukumia injini hewa. Huku juu, ambako hewa ni nyepesi, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Kompyuta ya gari ndiyo hupima mafuta ya kuifuata hewa hiyo.

"Mjomba, nisomee kitabu hiki," aliniomba, kwani kilikuwa cha Kiingereza. Penye kikomo cha kanieneo nikaandika "kiwango". Akanitii: akakaza kilango cha kupunguzia moshi hata sindano ikagusa namba ile. Kompyuta ikabaki na hesabu zake za zamani. Gari likaruka kama swala. Siku ya tatu, likiwa limepakia na mlima uko mbele, sindano ikapita namba. Petroli ikalipuka kabla ya cheche, pistoni ikatoboka.

Kiwango huita kifikiwe. Kikomo hukataza kivukwe. Miaka mingi nimehesabu mizani, nane kwa nane, nikiwakosoa wenzangu kwa silabi moja iliyozidi. Shairini, neno lisilo mahali pake huumiza sikio tu. Hili lilimgharimu kijana injini ya mteja.

Nusu ya gharama nimelipa mimi. Kamusi yangu sasa inakaa karakana kwake, kurasa zimeingia grisi.