Mililita 20 kwa pampu moja

Wiki hii niliahidi kuendelea na lile somo la hifadhidata, lakini mtanisamehe, nitaliweka kando kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni na sitaweza kuandika lingine kabla sijalitoa.

Nimeua mbwa. Hakuwa wangu, alikuwa wa jirani. Sikukusudia, lakini amekufa, na tangu siku hiyo ninajiuliza kama mtu wa kosa kama langu anafaa kupelekwa kortini.

Mambo yalikuwa hivi. Hapa Gilgil karibu kila boma lina mifugo, na aliye na mifugo ana mbwa wa kulinda. Jirani yangu, mama mmoja mwenye ng'ombe wawili, alikuwa amempa binti yake wa miaka tisa mtoto wa mbwa. Wakamwita Simba. Kupe walikuwa wamemjaa masikioni, na kwa kuwa nilikuwa naenda mjini, mama akaniomba nipitie agroveti nimletee dawa. Nikajitolea na kumnyunyizia mwenyewe. Si mnajua sisi watu wa kompyuta tunavyopenda kuonekana tunaweza kila kitu.

Muuzaji alinimiminia dawa kutoka chupa kubwa, akaitia kwenye kichupa kidogo kisicho na maandishi yoyote. Nikamuuliza kipimo. "Mililita ishirini kwa pampu moja," akasema. Nikalipa, nikaondoka.

Sasa sikilizeni. Pampu anayoizungumzia mfugaji ni ile ya kubeba mgongoni, na aliyoifikiria muuzaji ni ya lita 10. Pampu niliyokuwa nayo mimi ni ile ndogo ya mkono ya kunyunyizia maua, ya lita moja. Nikachukua bomba la sindano, nikapima mililita 20 kwa uangalifu mkubwa, hata tone halikuzidi. Dawa yenyewe ilikuwa amitraz ya ng'ombe, ile ya asilimia 12.5, ambayo huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Nilimwogesha mtoto wa mbwa kwa dawa kali mara kumi, halafu nikamwacha ajilambe.

Saa moja haikuisha, akaanza kuyumba. Kisha akalegea, akawa baridi, moyo ukapiga polepole. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, akaja kwa bodaboda. Alipouliza nimechanganya vipi nikamweleza yote, na alipoiona ile pampu akatikisa kichwa. Zipo dawa za kupunguza makali ya amitraz, lakini tulikuwa tumechelewa. Simba alikufa kabla ya saa sita usiku, yule mtoto akiwa amemshika.

Kesho yake kaka wa yule binti, anayefanya kazi Nairobi, alinipigia. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Bro, kama angekuwa ni mtu ungekuwa ndani sasa hivi. Huo ni uzembe wa jinai. Kwa nini mbwa awe tofauti?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya ninalofanya kila programu inapogoma: nikaenda kusoma.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inamjua mtu anayeua mnyama wa mwenyewe, lakini inataka awe ameua kwa makusudi. Uzembe nao umo, ila ni ule unaohatarisha maisha ya binadamu. Hapo mnyama anatajwa kama chanzo cha hatari: usipochukua tahadhari juu ya mnyama wako akaweza kumdhuru mtu, una kosa. Mtu akimhatarisha mnyama kwa uzembe, kifungu hicho hakimgusi.

Ipo pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Hiyo inahusu mateso: kupiga, kubebesha mizigo kupita kiasi, kunyima chakula. Inamgusa hata mwenye mnyama aliyeacha mnyama wake ateswe kwa kukosa uangalizi unaofaa. Adhabu iliyoandikwa humo ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini mtu aliyetaka kumwondolea mnyama kupe akakosea hesabu, huyo hakuandikiwa sheria hii. Kwangu mimi linabaki suala la fidia kati yangu na jirani.

Je, pengo hilo lizibwe? Hapa ndipo kazi yangu ilipoanza kunisemesha.

Mnakumbuka chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter? Kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kana kwamba ni za metriki. Namba ilikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichokosewa. Hakuna aliyefungwa. Tume iliyochunguza ilitafuta mahali utaratibu ulipovuja, ikauliza kwa nini kosa halikugunduliwa miezi yote ya safari. Katika usafiri wa ndege ni vivyo hivyo: Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Sababu si huruma. Rubani anayejua atafungwa kwa kusema ukweli atanyamaza, na wa kesho atarudia kosa lile lile.

"Mililita 20 kwa pampu" ni kosa la aina hiyo hiyo, namba isiyo na kipimo. Na jiulizeni: kama kungekuwa na sheria ya kunifunga, ningemweleza daktari nilichanganya vipi? Nadhani ningesema mbwa aliugua tu. Kifo cha Simba kingeandikwa ugonjwa, na kile kichupa kisicho na maandishi kingeendelea kuuzwa kwa mwingine mwenye pampu ndogo.

Nilifurahi sana kufikia hapo. Nilikuwa nimejitetea vizuri. Halafu nikagundua kuwa nimefurahi mno.

Kwa sababu hoja ya kulaumu utaratibu inaweza kuwa kichaka cha kujifichia. NASA haikusema hakuna aliyekosea. Na mimi nilijua mambo mawili: kwamba mkononi nina sumu, na kwamba kichupa hakina maandishi. Swali la "pampu ya lita ngapi?" lingechukua sekunde tatu. Simba hakuwa na uwezo wa kuniuliza. Yule binti aliniuliza, kwa kweli. Alisema, "Anko, mbona inanuka hivyo?" Nikamjibu kuwa dawa zote hunuka.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi mstari uchorwe wapi? Mfano niliouona una mantiki zaidi uko kwenye barabara kuu ya Nairobi–Nakuru inayopita hapa kwetu. Magari hugonga mbwa na punda huko, na Sheria ya Barabarani ya Kenya haisemi kila anayegonga mnyama ni mhalifu. Inachosema ni kwamba ajali ikimwumiza mnyama, dereva lazima asimame na ajitambulishe kwa mwenye haki ya kumuuliza. Uingereza nayo, katika sheria yake ya mwaka 1988, inaorodhesha wanyama wanaomlazimu dereva kusimama, mbwa akiwemo (paka hayumo). Ajali yenyewe inaweza kusameheka. Kukimbia ndiko kosa.

Huo ndio msimamo wangu, na mko huru kunipinga. Kifo cha mnyama kwa bahati mbaya, peke yake, kisimpeleke mtu kortini. Jinai ianze pale mtu alipoonywa akaendelea, au aliporudia kosa alilokwisha kulijua, au alipomwona mnyama anakufa akaacha kumwitia msaada, au alipoficha. Kwa wengine wote yatosha kulipa, kusema ukweli wote, na kubadili kilichosababisha kosa. Lakini hayo matatu yawe lazima, yasiwe hisani. Asiyeyatimiza asijiite mtu wa bahati mbaya.

Mtaniambia nimechora mstari ukanipita pembeni. Huenda. Je, swali la mtoto wa miaka tisa ni onyo? Nimelifikiria sana, na siwezi kuapa kwamba si onyo. Nikilijaribu tena kosa hilo, mimi mwenyewe nitakubali nishtakiwe.

Nililipa gharama ya daktari. Nilikaa na mama pamoja na binti yake nikawaeleza hesabu yote, mbili kwa ishirini, bila kumsukumia muuzaji. Mama alisema, "Angalau umesema." Yule kaka bado anaona ninafaa kushtakiwa, na sikubishana naye. Kisha nilirudi agroveti na pampu zote mbili mkononi, nikaziweka mezani. Muuzaji alinyamaza kidogo, akachukua kalamu. Sasa vichupa vyake vina karatasi iliyogundishwa: jina la dawa, na "ml 2 kwa lita 1 ya maji". Neno pampu halipo. Nimepita mara mbili kuhakikisha.

Kwa hiyo nawaomba wenye mbwa na paka: usichukue dawa isiyo na maandishi, uliza kipimo kwa lita, na usimpe paka wala mtoto wa mbwa dawa ya ng'ombe kabla hujamuuliza daktari wa mifugo.

Yule binti ameniambia hataki mbwa mwingine kwa sasa. Nimemwambia ni sawa.

Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata. Tutaanza na jambo nililolidharau miaka yote: kuandika kipimo kwenye jina la kila safu.