Nguo ya Gome

Nguo humsitiri mtu, lakini ziko nguo ambazo kazi yake kubwa ni kusitiri heshima kuliko mwili. Ya namna hiyo ni ngatu, nguo ya gome la mti ifanywayo na wanawake wa Tonga, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Maharusi huvishwa, maiti hulazwa juu yake, na wakuu hutandikiwa njiani wapite. Watonga huihesabu katika koloa, yaani mali ya tunu, na mali hiyo ni ya wanawake.

Hiapo, mti wa jamaa ya mforosadi, hukatwa ungali mwembamba. Gome lake la ndani hubanduliwa, hulowekwa, kisha hupondwa kwa nyundo ya mti juu ya gogo hata upana wake ukazidi maradufu. Vipande huunganishwa kwa uwanga, tabaka juu ya tabaka. Ndipo wanawake huketi safu mbili kwenye meza ndefu, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Chini ya nguo huwekwa kupesi, chapa iliyoshonwa kwa majani ya mkadi, chelewa na nyuzi za makumbi. Juu yake husuguliwa rangi ya hudhurungi ya magome, na nakshi hujitokeza. Nguo ya sehemu 50, iitwayo launima, hupita mita 20.

Nakshi nazo zina habari zake. Manulua ni ndege wawili. Hala Paini ni njia ya misonobari iendayo ikulu ya Nuku'alofa. Simba na taji viliingia baadaye. Tena, katika Vita Kuu ya Pili, Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala tangu 1918 hata 1965, na raia zake walichanga fedha za kununulia ndege za Spitfire; ndege hizo nazo zikatiwa katika ngatu. Mapokeo haya, basi, hayakuwa adui wa ugeni.

Lakini siku hizi ugeni umegusa gome lenyewe. Baadhi ya wafanyaji, hasa waliohamia New Zealand ambako hiapo ni adimu, hutumia kitambaa cha kiwandani mahali pa gome. Mwenye kutetea husema: mgeni njoo, mwenyeji apone, ikiwa simba alikaribishwa, kitambaa kina kosa gani? Hoja hii ina uzito, maana hata kitambaa hicho hakichapwi na mtu mmoja, wala heshima ya harusi haipunguki.

Hata hivyo mambo haya mawili si sawa. Simba aliongeza kazi ya mkono, kitambaa huiondoa. Nakshi iliyosahauliwa yaweza kunakiliwa kutoka nguo kuukuu, lakini pigo la nyundo halikuandikwa juu ya nguo yoyote. Limo mkononi mwa mama, na hupita mkononi mwa binti. Huko Hawaii kazi ya namna hii ilikoma katika karne ya 19, na waliotaka kuifufua katika miaka ya 1970 walilazimika kujifunza kwa kubahatisha, hali nguo za kale zilikuwapo mbele ya macho yao. Kitambaa na kikaribishwe, maadamu hiapo yapandwa na nyundo yasikika.