Andika Unachokiigiza: Barua kwa Mpwa Wangu

Machakos, Kenya

Mpwa wangu mpendwa,

   

Baba yako alinipigia simu, sauti yake ikiwa juu. Anasema umeiacha fomu ya uuguzi mezani bila kuijaza, na kwamba unataka kwenda Nairobi uwe mwigizaji. Aliniomba nikuandikie nikukanye. Kuandika nimekubali, kukanya nimekataa. Nilikuona ukiigiza kwenye tamasha la kaunti na kipaji chako sikitilii shaka. Kinachonisumbua ni kwamba unataka kwenda kungoja mtu akuandikie nafasi, nawe mwenyewe hujaandika hata onyesho moja. Hapo ndipo nitakapokushika, na nitakushika kwa habari za mwanamke mmoja ambaye natamani ungemfahamu.

Jina lake ni Amandina Lihamba. Alizaliwa Morogoro, Tanzania, mwaka wa 1944. Ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mwelekezi, aliyefundisha kama profesa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Itafute filamu ya Maangamizi ya mwaka wa 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Humo Lihamba ni Samehe, mwanamke aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika anakuja na kujaribu kumfikia. Hebu fikiria umepewa nafasi hiyo. Maneno ya kujifichia huna. Umebaki na macho, shingo, mikono na namna ya kukaa kitini. Waigizaji wachanga wengi wangelia na kujirusha chini, maana wanaogopa kimya. Yeye hakukiogopa, na ndiyo sababu huachi kumtazama. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kugombea Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilikuja kufuata mwaka wa 2022.

Sasa angalia jambo hili. Mwanamke huyo aliyenyamaza mbele ya kamera alikuwa amewaandikia wengine maneno kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka wa 1980 alichapisha Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoitoa katika hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Kisa chenyewe ni hiki: mzee mmoja wa Dakar analetewa hawala na mpwa wake anayefanya kazi Paris. Anakwenda posta, anaambiwa alete kitambulisho. Kitambulisho hakipatikani bila cheti cha kuzaliwa, na cheti nacho kina milango yake na watu wa kuhongwa. Pesa hajazishika bado, lakini majirani wamekwisha kupiga hodi kukopa, na dukani deni limepanda kwa sababu ya utajiri ambao hajauona. Mwishowe jamaa mmoja msomi, anayezijua ofisi na lugha zake, anampokonya zote.

Wewe uliyezungushwa juu ya kitambulisho, dirisha hili mpaka lile, njoo kesho, mkubwa hayuko, unajua hadithi hiyo inauma wapi. Hukuandika chochote kuihusu. Ulinisimulia mimi kwa simu, tukacheka, ukamwiga yule karani aliyekuwa akinywa chai huku foleni imesimama, na ulimwiga barabara: sauti ya puani, kikombe kinachoinuliwa polepole, macho yasiyomtazama mtu. Hilo lilikuwa onyesho kamili, mwanangu, na limepotea. Lihamba hakuruhusu mambo kama hayo yapotee. Aliona hadithi ya Senegal inamhusu Mtanzania anayesimama posta, akaipa Kiswahili na jukwaa.

Wala hakuandika peke yake kila mara, na hili nakuomba ulitie maanani kwa sababu unapenda kufanya mambo ukiwa pekee. Mwaka wa 1982 ilitoka Harakati za Ukombozi, tamthilia aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, jukwaa moja, wakiipitia historia ya kupigania ukombozi na kuuliza umefika wapi, miaka 15 baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huo huo Penina alitoa Nguzo Mama, kuhusu wanawake wa kijiji kimoja wanaojaribu kusimamisha nguzo na kushindwa. Soma hiyo pia. Lihamba aliendelea na masomo hadi Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka wa 1985 ilihusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mwaka wa 1992 akachapisha Mkutano wa Pili wa Ndege.

Lakini sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote haimo katika kitabu wala filamu. Miaka ya 1982 na 1983, yeye, Penina na wenzao wa chuo kikuu walikwenda kijiji cha Malya, Mwanza. Hawakwenda na tamthilia mkobani. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni nini kinachowasumbua, na suala la wasichana wa shule wanaopata mimba likajitokeza. Wanakijiji wenyewe wakalitia katika ngoma na maigizo yao, wakacheza mbele ya wenzao, kisha watu wakabaki kujadiliana.  Baadaye, mwaka wa 1996, chuoni hapo ukaanza mradi wa Tuseme, ambao Lihamba na Penina waliubeba: wasichana wa sekondari wanachunguza wenyewe yanayowakwamisha masomoni, wanayatungia maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Shirika la FAWE, ambalo makao yake yako Nairobi, liliupeleka katika nchi nyingine za Afrika.

Usidhani hayo ni mambo ya Tanzania tu. Huku kwetu Ukambani, ngui aliyeongoza ngoma alitunga maneno yake mwenyewe. Alimsuta mzembe, alimsuta mkubwa aliyejisahau, na wachezaji wakampokea. Mtunzi na mwigizaji walikuwa mtu mmoja. Waliotenganisha kazi hizo mbili, mmoja akawa wa kuandika na mwingine wa kukariri, walikuja baadaye, na sioni sababu ya wewe kuwafuata.

Baba yako ana hofu, na hofu yake si ya bure. Yeye anakumbuka. Mĩcere Mũgo, aliyeandika na Ngũgĩ wa Thiong'o tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi mwaka wa 1976, alilazimika kuihama nchi mwaka wa 1982, akaishi Marekani na Zimbabwe, na Marekani ndiko alikofia mwaka wa 2023. Kule Kamĩrĩĩthũ, mwaka wa 1977, wanakijiji walijenga jukwaa kwa mikono yao, serikali ikaupiga marufuku mchezo waliouandaa na Ngũgĩ, na mwaka ulipokuwa ukiisha akatiwa kizuizini. Na wewe mwenyewe ulishuhudia ya Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika Nakuru na mchezo wa Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza, lakini mwandishi na mwelekezi wao, Cleophas Malala, alizuiwa asiwafikie. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani, na nje polisi wakarusha vitoa machozi. Nililia siku ile. Maneno ya mchezo hayakuwa yao, lakini uamuzi wa kutoyasema katika hali ile ulikuwa wao, na mabinti wa umri wenu waliuchukua mbele ya taifa.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba kazi hii ni ya makofi. Hofu nyingine ya baba yako ni pesa, na hapo nakubaliana naye zaidi ya unavyopenda. Umeyaona makundi yanayozunguka shule zetu kuigiza vitabu teule. Wanafika asubuhi, wamebanana ndani ya matatu na mabegi ya mavazi, wanasukuma meza za bwalo ukutani, na kijana mmoja anacheza watu watatu kwa kubadilisha kofia. Dada yako aliielewa Kigogo ya Pauline Kea kwa kumwona Tunu akisimama mbele ya Majoka katika bwalo hilo, si kwa maelezo ya mwalimu. Nawaheshimu vijana wale kwa moyo wote. Hata hivyo shule zikifungwa, kipato chao kinafungwa. Kitabu kikiondolewa kwenye mtihani, mchezo wao nao umekwisha, kwa sababu hawakuwa na wa kwao.

Lihamba aliishi kwa mshahara wa kufundisha. Jukwaa lilimpa jina, chuo kikampa chakula, na kwa sababu alikuwa na chakula aliweza kukataa nafasi mbaya na kuandika alichotaka. David Mulwa, mwana wa Ukambani huku huku kwetu, alifuata njia iyo hiyo: alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, akaigiza, akaandika, na Inheritance yake ikasomwa na watahiniwa wa KCSE. Hao wawili si waoga waliojificha nyuma ya mshahara. Walipanga maisha yao ili sanaa isiwe ombaomba.

Basi ninachotaka ni hiki. Omba nafasi ya kusomea sanaa za maonyesho na filamu Kenyatta, au ualimu wa Kiswahili na fasihi, uchague mwenyewe. Nairobi ya kwenda kungojea simu ya mtayarishaji wa vipindi siiungi mkono, na nitamwambia baba yako hivyo. Uuguzi pia siuungi mkono, kwa sababu moyo wako hauko huko, na mgonjwa anastahili muuguzi aliyekuja kwa hiari yake. Hilo nalo nitamwambia.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, liandike onyesho la yule karani na kikombe chake. Watu wawili, dirisha moja, foleni nyuma. Usimfanye shetani, maana naye ana watoto na mshahara unaochelewa. Usimpe yule msichana wa kwenye foleni hotuba ndefu. Mpe jambo la kufanya. Ukimaliza, usome kwa sauti ukisimama. Mstari unaoukwepa mdomo wako ukiwa umesimama, ufute. Kisha waite marafiki zako wa kanisani waliigize nawe uketi utazame, hata kama itakuuma kumwona mwingine akichukua nafasi uliyojiandikia. Lihamba ameelekeza wengine maisha yake yote.

Jumapili nitafika kwenu baada ya ibada, tuzungumze na baba yako kuhusu ada. Nusu naibeba mimi, na nimekwisha kumwambia mjomba wako. Lakini sitaibeba bure: nikifika nataka kulikuta onyesho hilo mezani, pale ulipoiacha fomu.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.