Duka Lililoteketea Mara Mbili

Nilipokuwa mvulana, mama alinikabidhi fedha alizozipata kwa kuuza mahindi, akanituma mjini nikanunue blanketi. Mwenye duka akataja bei, nami nikaomba anipunguzie. Tukavutana hata jua likapinduka. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi. Usiku tulipolikunjua, tukaona limeliwa na nondo katikati. Kesho yake nilikwenda tena mwendo ule ule ili nilirudishe, nikaambiwa kwamba mali ikisha kutoka dukani hairudi. Mama hakunikemea, alitwaa sindano akalishona. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma zaidi.

Nayakumbuka hayo kila nisomapo habari za duka la Marshall Field katika mji wa Chicago, Marekani. Mwaka 1850 mji ule ulikuwa na watu wapata 30,000 tu. Ilipofika 1890 walikuwa wamepita 1,000,000. Katika mji unaokua namna hiyo, mnunuzi hamjui muuzaji, wala muuzaji hajui ukoo wa mnunuzi. Yafaa basi kitu kingine kishike mahali pa ujirani.

Mwaka 1852 Bwana Potter Palmer alifungua duka la nguo katika barabara ya Lake mjini humo. Desturi yake ilikuwa kwamba mteja asiyeridhika na kitu alichonunua aliweza kukirudisha. Mwaka 1865, kwa kuwa afya yake ilikuwa mbaya, aliwakabidhi Marshall Field na Levi Leiter uongozi wa biashara, nao wakaishika desturi ile.

Field alikuwa mwana wa mkulima, aliyezaliwa Conway, Massachusetts, mwaka 1834. Alipofika Chicago mwaka 1856 alikuwa karani wa duka kwa mshahara wa dola 400 kwa mwaka. Alilala dukani asilipe kodi ya nyumba, na nusu ya mshahara ule akaiweka akiba.

Mwaka 1868 duka lao lilihamia jengo zuri la marumaru katika barabara ya State. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1871, moto mkubwa uliunguza mji. Watu wapata 300 walikufa, na wapata 100,000 wakakosa makao. Usiku ule wafanya kazi wa duka walitoa bidhaa walizoweza, wakazipeleka kwa magari ya farasi upande wa ziwa. Jengo likawa majivu. Lakini katika magofu yale likasimamishwa tangazo la kuwaambia wafanya kazi mahali pa kupokea mishahara yao. Baada ya majuma machache biashara ikaanza tena, katika banda la farasi wavutao magari ya abiria. Mwaka 1877 duka likateketea mara ya pili, nalo likainuka tena.

Sisemi kwamba Field alikuwa mtu asiye na lawama. Vyama vya wafanya kazi alivichukia, na aliyejiunga navyo aliweza kupoteza kazi. Alifariki mwaka 1906 akiwa tajiri mkubwa. Mwaka 2006 jina lake liliondolewa dukani, likawekwa la Macy's, na watu wengi wa Chicago walinung'unika kana kwamba wamefiwa.

Mimi nami nina kiduka kidogo. Siku moja mzee alinirudishia kandili aliyoinunua kwangu, akisema yavuja. Faida ya siku ile ilikuwa ndogo kuliko bei ya kandili. Maneno yalikuwa tayari ulimini: mali ikisha kutoka hairudi. Ndipo nikaikumbuka sindano ya mama, nikafungua sanduku nikamhesabia mzee fedha zake zote. Hakusema neno ila ahsante.

Kandili ile nimeiweka juu ya rafu mpaka leo. Siiuzi. Naitazama kila nifunguapo mlango asubuhi.