Kuanza FPGA bila bodi, bila leseni na kwa bando la kuungaunga

Najua nimepotea. Likizo ndefu ndiyo hiyo, na wanaonifahamu wanajua kwetu ni Masieda, wilaya ya Mbulu huko Manyara, kwa hiyo mlionipigia nikawa sipatikani msidhani nilikuwa naringa. Nimerudi kampasi juzi na tayari watu wameshanibana koridoni na swali lile lile: eti ni kweli nataka kufanya FPGA kwenye projekti ya mwaka wa nne? Ni kweli. Wengi wananitazama kama mtu aliyesema anahamia mwezini. Basi niandike hapa mara moja, mnisome wote, nisirudie rudie.

Kwanza hali yenyewe tunayoijua. Bodi za FPGA zipo, ila zipo kabatini. Programu ya kuzitumia ipo kwenye kompyuta chache za maabara zenye leseni, na maabara ikifungwa jioni, na wewe umefungwa. Matokeo yake kila mwaka projekti ni zile zile: kuwasha taa kwa SMS, kumwagilia bustani kwa SMS, kufungua geti kwa SMS. Sizidharau jamani, kuna moja ya mwaka juzi ilikuwa kali kweli. Lakini mtu anamaliza miaka minne ya elektroniki hajawahi hata siku moja kubuni saketi ya kidijitali ya kwake mwenyewe ikafanya kazi, mimi naona hapo tumepunjwa.

Kwa ndugu zangu wa fani nyingine (najua mpo, na mkiona herufi nne kubwa mnataka kukimbia, tulieni kidogo): FPGA ni chipu ambayo ikitoka kiwandani haina kazi maalumu. Ndani kuna vijisaketi vingi vinavyofanana, na nyaya za kuviunganisha, halafu wewe ndiye unayeamua vifanye nini na vishikane vipi. Kila kijisaketi ni jedwali dogo tu. Lina njia nne za kuingilia, maana yake michanganyiko 16, na kwa kila mchanganyiko unajaza jibu, 0 au 1. Pembeni yake kuna flipu-flopu moja ya kukumbuka biti moja. Hakuna uchawi zaidi ya huo. FPGA ya kwanza ya Xilinx, XC2064 ya mwaka 1985, ilikuwa na vitalu 64. Chipu ndogo ya siku hizi kama iCE40 HX1K ya kampuni ya Lattice ina vijisaketi 1280, na zile kubwa kubwa zina mamilioni.

Sasa tatizo lilikuwa wapi? Ili chipu ijue ijiunge vipi unaipa faili la biti, na kampuni zilikuwa haziwaambii watu kila biti inafanya nini. Hiyo ni siri yao. Kwa hiyo hata ukinunua chipu kwa hela yako, lazima utumie programu yao, kwa leseni yao, kwenye kompyuta wanayoitaka wao. Mwaka 2015 Claire Wolf na Mathias Lasser wakatoa kitu kinaitwa Project IceStorm. Walikuwa wamechunguza mafaili ya iCE40 mpaka wakajua biti ipi inawasha nini, wakaandika yote hadharani. Ukichanganya na programu ya Yosys inayogeuza Verilog kuwa saketi, na arachne-pnr ya Cotton Seed inayopanga saketi ndani ya chipu, kwa mara ya kwanza mtu akaweza kutoka kwenye maandishi mpaka kwenye chipu inayofanya kazi bila kugusa programu ya kampuni. Mwaka 2018 ikaja nextpnr, ndiyo tunayotumia sasa badala ya arachne-pnr.

Na hapa ndipo niliposimama nikacheka peke yangu. Hiyo Yosys, ambayo leo inatumika dunia nzima, Claire Wolf aliiandikia tasnifu yake ya shahada ya kwanza huko Vienna, Austria, mwaka 2013. Shahada ya kwanza! Yaani projekti kama hizi zetu ambazo tunaanza kuzitafutia desa wiki mbili kabla ya kukabidhi.

Msije mkadhani programu huria ni mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu tu msimbo wake ulikuwa wazi. Ungekuwa umefungwa, nani angewaruhusu?

Haya, turudi Masieda. Programu za kampuni za FPGA ni makumi ya gigabaiti. Kwa bando zetu hizi, ukipakua kitu kama hicho bumu linaishia hewani unabaki unakula ugali kwa macho. Kabla sijaondoka nilitumia intaneti ya chuo kupakua kifurushi kinachoitwa OSS CAD Suite, megabaiti mia kadhaa, ndani kuna Yosys, nextpnr, Icarus Verilog, GTKWave na wenzake wote. Nikaweka kwenye flashi, nikapanda basi. Kama una Linux na unataka kuanza na kidogo kabisa, Icarus Verilog na GTKWave ni megabaiti chache tu, zile unaweza kuzivuta hata kwa mtandao wa kupanda kilimani jioni. Umeme nyumbani ni wa sola, laptopu yangu mnaijua ilivyo zee, na bado ilitosha. Saketi ndogo inajaribiwa ndani ya sekunde, hata muda wa kuchemsha chai haufiki.

Kitu kigumu si programu, ni kichwa. Tumezoea C na Python, ambako mistari inafuatana, wa kwanza ukiisha unakuja wa pili. Verilog siyo programu. Ni maelezo ya nyaya, na nyaya zote zina umeme wakati mmoja. Nilielewa vizuri siku tulipoalikana kulima, watu kama kumi na tano kwenye shamba la jirani. Programu ya C ni mtu mmoja mwenye jembe anayelima mstari hadi mstari. FPGA ni lile kundi: kila mtu ana mstari wake, anayeimbisha akipiga pigo majembe yote yanashuka pamoja. Pigo ndiyo saa ya saketi. Ukiandika

a <= b;
b <= a;

kwenye C ya kawaida (kwa alama ya =) ungepoteza thamani moja, lazima utafute kibadala cha tatu cha kuhifadhia. Kwenye Verilog hizo mbili zinabadilishana tu. Ni kama watu wawili kupeana majembe kwenye pigo moja, kila mmoja anatoa alichonacho na kupokea cha mwenzake. Nadhani ukielewa mistari hiyo miwili umeshavuka nusu ya mto.

Saketi yangu ya kwanza ni hii, na hata wewe anza na hii:

module taa #(parameter N = 24) (input saa, output led);
  reg [N-1:0] hesabu = 0;
  always @(posedge saa) hesabu <= hesabu + 1;
  assign led = hesabu[N-1];
endmodule

Majina ya Kiswahili yanakubalika bila shida, usiogope. Hii inahesabu kila pigo la saa, na biti ya juu kabisa ndiyo inayowasha taa. Bodi ya iCEstick ina saa ya mapigo milioni 12 kwa sekunde. Biti 24 zinahesabu mapigo 16,777,216 kabla ya kurudi sifuri, kwa hiyo taa inawaka na kuzima mara moja kwa kila sekunde 1.4 hivi. Ila kwenye simulesheni usisubiri mapigo milioni 16, utazeeka. Faili la majaribio lipe N = 4, saketi ni ile ile, mzunguko mzima unaisha kwa mapigo 16. Kisha:

iverilog -o jaribio taa.v taa_tb.v
vvp jaribio

Ukiwa umeweka $dumpfile na $dumpvars kwenye faili la majaribio unapata faili la mawimbi, unalifungua na GTKWave, na hapo unaona kila waya ulichokuwa unafanya kwenye kila pigo. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, PCM, geti za lojiki anazijua kwa karatasi tu: chora AND, jaza jedwali la ukweli, geuza ukurasa. Alikaa pembeni yangu akiangalia ile hesabu inapanda. Akauliza, "Dada, kwa hiyo zote zinabadilika wakati mmoja?" Nikamwambia zote. Akasema, "Mwalimu hakusema hivyo." Nikamjibu mwalimu alisema, ila karatasi haina pigo. Kesho yake niliamka nikakuta laptopu haina chaji, jamaa ameshaandika kijumlishi cha biti nne kwa geti tupu, bila alama ya kujumlisha. Nilikasirikia chaji, sikukasirikia kijumlishi.

Simulesheni ikikubali, safari ya kwenda kwenye chipu ni amri nne:

yosys -p "synth_ice40 -top taa -json taa.json" taa.v
nextpnr-ice40 --hx1k --package tq144 --json taa.json --pcf taa.pcf --asc taa.asc
icepack taa.asc taa.bin
iceprog taa.bin

Faili la pcf ni mistari miwili ya kusema waya upi uende kwenye mguu upi wa chipu. Kwa iCEstick ni set_io saa 21 na set_io led 99. Amri tatu za kwanza zinafanya kazi hata kama huna bodi! Nami Masieda sikuwa nayo. Ya nne tu ndiyo inahitaji kitu cha kuchomeka. Yosys itakwambia imetumia nini: utaona flipu-flopu 24, moja kwa kila biti ya hesabu. Hapo ndipo nilipoanza kuisoma Verilog kwa jicho la gharama, kila herufi ni kipande cha chipu.

Projekti yenyewe sasa. Nataka kutengeneza kifaa cha kuangalia mawimbi ya kidijitali, njia nane, ili ukiwa na saketi isiyoelewana na nyingine uone nyaya zinasema nini. Hiyo kazi inaihitaji FPGA kweli, kwa sababu lazima njia zote nane zisomwe kwenye kila pigo bila kukosa hata moja. Kuna watu wanataka kutumia FPGA kuwasha taa ya choo, hiyo ni kukodi fuso kubeba debe moja la mahindi. Kumbukumbu ya ndani ya HX1K ni kilobiti 64, yaani baiti 8192. Nikisoma njia nane kwa mapigo milioni 12 kwa sekunde, kumbukumbu inajaa kwa muda unaokaribia milisekunde 0.7. Ni kidogo, kwa hiyo kazi kubwa itakuwa kuamua lini kianze kurekodi. Msimamizi hajasema ndiyo. Amesema nimletee mawimbi kwanza, na kichwa cha habari kinatakiwa ijumaa ijayo, kwa hiyo mkiniona nimevimba macho mnajua.

Na zile bodi za kabatini je? Nisiwadanganye. Programu hizi huria zimekomaa kwa chipu za Lattice, iCE40 na ECP5, na za Gowin zinakwenda vizuri kupitia Project Apicula, ndiyo maana Tang Nano 9K yenye vijisaketi 8640 inapendwa na wanaojinunulia. Kwa nyingi za Xilinx na Altera bado utahitaji programu ya kampuni kwenye hatua ya mwisho. Ila ile hatua ya mwisho ni ndogo. Verilog iliyojaribiwa chumbani kwako kwa Icarus unaingia nayo maabara ikiwa tayari, na lisaa limoja linatosha mahali ambapo zamani ungehitaji wiki ya kupanga foleni ya kompyuta yenye leseni. Bodi tunachanga watu watatu tununue moja, nafasi ya mtu wa nne ipo, mchango mdogo tu, ila uwe mtu wa kufanya kweli siyo wa kuja kupiga picha.

Flashi yenye kifurushi chote ninayo, pamoja na mafaili yangu ya majaribio na kijumlishi cha mdogo wangu. Njoo jioni baada ya saa moja, mchana sipo. Leta flashi ya GB 4 kwenda juu, na tafadhali isiwe ile iliyotoka steshenari, laptopu yangu ni hii hii moja.